Kijana wa Miaka 13, Nauli ya Mtu Mzima: Mwongozo wa Safari ya Familia kutoka Nkololo

Juni shule zinapofungwa na pamba inapokwisha kupimwa, familia nyingi za Nkololo hupata jambo ambalo miezi mingine halipatikani kirahisi: fedha kidogo mkononi na watoto wote nyumbani. Ndipo mzazi anapoanza kuwaza safari. Labda ni Mwanza kwa shangazi, labda Dar es Salaam kwa mjomba, labda Serengeti, ambayo iko jirani na mkoa wetu wa Simiyu kuliko ilivyo kwa Watanzania walio wengi. Akipiga hesabu anakuta mtoto aliyekuwa akisafiri bure magotini mwa mama yake sasa anaitwa mtu mzima, nauli kamili, kiingilio kamili, ilhali bado yuko darasa la saba.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi mwenye vijana wa miaka 11 hadi 16. Lengo ni mambo mawili. Kwanza, usilipe bei ya mkubwa pale ambapo kijana wako bado ana haki ya bei ya mtoto. Pili, uipange safari yenyewe kabla haki hiyo haijapita, kwa sababu inapita siku moja tu, siku ya kuzaliwa.

KWA NINI KIJANA WAKO ANATOZWA BEI YA MKUBWA

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Wazazi wengi huishika sheria hiyo na kuamini kwamba hata tiketi itaifuata. Haiifuati. Sheria hiyo inalinda malezi, elimu na usalama wa mtoto; bei ya kiti au kitanda hupangwa na mwenye huduma, au na mamlaka inayoisimamia huduma hiyo. Kila mmoja huchora mpaka wake.

Mipaka hiyo ina sababu. Anayeuza nafasi huangalia nafasi. Kijana wa miaka 13 anajaza kiti kizima, anabeba begi lake, anakula sahani nzima, kwa hiyo kwenye vyombo vya usafiri utoto huisha mapema, karibu na miaka 12. Hifadhi ya taifa haimuuzii mtu kiti. Inampa ruhusa ya kuingia kuona urithi wa nchi yake, na kijana mmoja zaidi ndani ya gari haongezi mzigo mkubwa. Huko utoto umepewa muda mrefu zaidi, hadi miaka 15.

Ukilielewa hilo, utajua wapi pa kudai na wapi pa kulipa bila ugomvi. Kijana wa miaka 14 kwenye treni ni mtu mzima, na kubishana dirishani ni kupoteza muda. Kijana huyo huyo kwenye geti la Serengeti ni mtoto, na ukilipa bei ya mkubwa umetoa fedha ambayo hukutakiwa kuitoa.

KISANDUKU: UTOTO UNAISHIA WAPI?

Hifadhi za Taifa (TANAPA)
• Chini ya miaka 5: bure
• Miaka 5 hadi 15: bei ya mtoto
• Miaka 16 na zaidi: bei ya mkubwa

Treni ya SGR, Dar es Salaam hadi Dodoma
• Chini ya miaka 4: bure
• Miaka 4 hadi 12: nusu nauli
• Zaidi ya miaka 12: nauli kamili

Ndege, kwa desturi ya mashirika mengi duniani
• Chini ya miaka 2: mtoto mchanga wa kupakatwa, hulipiwa kidogo
• Miaka 2 hadi 11: nauli ya mtoto
• Akitimiza 12: nauli ya mkubwa

Basi la mkoani
• Kinachohesabiwa kwanza ni kiti. Wa kupakatwa hasumbui. Mwenye kiti chake hulipiwa.

Nyumba ya wageni
• Nyingi huuza chumba, si kichwa. Hoteli kubwa huuza kwa kichwa, na kila moja ina umri wake.

Soma kisanduku hicho tena ukimfikiria mtoto wa miaka 12. Kwenye SGR bado analipa nusu. Kwenye ndege tayari ni mkubwa. Serengeti amebakiza miaka mitatu na zaidi ya kuitwa mtoto. Kisha mfikirie wa miaka 4: hifadhini anaingia bure, lakini kwenye treni analipiwa nusu nauli. Ndiyo maana swali la "mtoto analipa ngapi?" halitoshi. Uliza umri kwanza, kisha bei.

HATUA KWA HATUA: KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

1. Andika tarehe kamili za kuzaliwa.
Chukua daftari, andika jina la kila mtoto atakayesafiri, siku, mwezi na mwaka aliozaliwa. Usitosheke na "ana kumi na tano". Mwenye miaka 15 na miezi 11 bado ni mtoto mbele ya TANAPA. Mwezi mmoja baadaye siye. Waandike pia watoto wa ndugu unaoishi nao, maana safari ya familia ya Kisukuma haiishii kwa watoto wa tumbo moja.

2. Tafuta vyeti vya kuzaliwa.
Hiki ndicho kithibitisho chenye nguvu kuliko vyote. Kitambulisho cha taifa hutolewa kuanzia miaka 18, kwa hiyo kijana wako hana. Kama cheti hakijawahi kukatwa, usingoje wiki ya safari. Usajili wa vizazi uko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na ofisi ya msajili wa wilaya iko kwa Mkuu wa Wilaya, kwetu Bariadi mjini. Maombi hupokelewa pia kwa mtandao kupitia mfumo wa eRITA. Kwa kijana mkubwa utahitaji nyaraka za kuunga mkono maombi, kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, nyaraka za shule na kitambulisho cha mzazi. Fedha na muda utakaotumia havitapotea, kwa sababu cheti hicho kitadaiwa tena kijana atakapoomba mkopo wa elimu ya juu.

3. Andaa kithibitisho cha pili.
Kitambulisho cha shule chenye picha, au barua ya mwalimu mkuu inayotaja tarehe ya kuzaliwa, husaidia pale mtu anapotilia shaka. Kama unasafiri na mtoto wa kaka au dada, ongeza barua ya mzazi wake na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji. Barua hizo hazithibitishi umri kwa uzito wa cheti, lakini zinaonyesha kwamba mtoto yuko nawe kwa ridhaa ya wakubwa wake.

4. Chagua safari kwa kufuata siku za kuzaliwa.
Panga safari zako kwa mpangilio huu: ya ndege kabla mtoto hajatimiza 12, ya SGR kabla hajavuka 12, ya Serengeti kabla hajatimiza 16. Kama mkubwa wako anatimiza 16 mwezi Agosti, Serengeti ya Juni ina bei moja na ya Desemba ina nyingine.

5. Piga simu na uulize maswali matano.
• Mtoto kwenu ni wa umri gani hadi gani?
• Mnaposema 12, ni pamoja na mwenye 12 au chini ya 12?
• Umri mnauhesabu siku ya kununua tiketi au siku ya kusafiri?
• Mnakubali kithibitisho gani?
• Bei ya mtoto inampa kiti chake, kitanda chake na chakula chake, au vipi?

Andika majibu, jina la aliyekujibu, na tarehe. Swali la pili na la tatu ndiyo wazazi wengi huyasahau, na ndiyo yanayogeuza bei.

6. Tenga bajeti kwa makundi.
Usiandike "watu sita". Andika wakubwa wangapi, watoto wangapi, wa bure wangapi, na fanya hivyo upya kwa kila huduma. Familia ile ile inaweza kuwa na wakubwa wawili getini na wakubwa watano kwenye ndege.

7. Kagua ankara kabla ya kulipa.
Malipo ya serikali, pamoja na ya hifadhi, hupitia namba ya malipo. Ukipewa ankara, soma idadi ya wakubwa na watoto kabla ya kubonyeza simu yako. Kosa lililo kwenye ankara isiyolipwa hurekebishwa kwa dakika chache. Kosa lililokwisha kulipwa huanza safari ya barua na ofisi.

8. Hifadhi risiti na tiketi zote.
Piga picha kwa simu. Ukidai baadaye, utadai kwa karatasi.

HESABU YA MFANO

Tuchukue familia ya baba, mama, na watoto wa miaka 15, 13, 12 na 4. Wote ni raia wa Tanzania.

Serengeti, kiingilio cha siku moja
Kwa viwango vya TANAPA vilivyotumika miaka ya karibuni kwa raia wa Afrika Mashariki, mkubwa hulipa shilingi 10,000 na mtoto 2,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Ukiongeza kodi ya asilimia 18, zinakuwa 11,800 na 2,360.

• Wazazi 2 × 11,800 = 23,600
• Watoto 3 × 2,360 = 7,080
• Wa miaka 4 = bure
• Jumla: shilingi 30,680

Sasa tuseme karani amewatazama wa miaka 15 na 13, akaona vimo vyao, nawe huna cheti. Wakiandikwa wakubwa, kila mmoja anaongeza 9,440. Jumla inafika 49,560. Fedha iliyopotea, 18,880, ingetosha viingilio vya watoto wengine wanane kamili.

Na mkubwa akishatimiza 16? Hata ukiwa na vyeti vyote, jumla yako ni 40,120.

SGR, Dodoma hadi Dar es Salaam, daraja la kawaida
Nauli iliyotangazwa treni ilipoanza safari hizo mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwa mkubwa.

• Wazazi, wa miaka 15 na wa miaka 13: 4 × 31,000 = 124,000
• Wa miaka 12 na wa miaka 4: 2 × 15,500 = 31,000
• Jumla: shilingi 155,000

Familia ni ile ile, lakini treni imewaona wakubwa wanne na geti limewaona wawili. Kabla ya kusafiri, linganisha hesabu yako na viwango vya siku hiyo, kwa maana ada na nauli hupitiwa upya mara kwa mara.

Kama kuna mgeni mwenye pasipoti ya nje
Watoto wa ndugu waliozaliwa ughaibuni na kubeba uraia wa nje ya Afrika Mashariki hulipa kwa dola, hata kama babu yao ni wa Nkololo. Serengeti, katika msimu wa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Machi, kiwango kimekuwa dola 70 kwa mkubwa na dola 20 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, kabla ya kodi. Hapo siku moja ya kuzaliwa ina thamani ya dola 50. Waambie wazazi wao mapema, ili waje kabla kijana hajatimiza 16.

NJIANI: BASI, TRENI NA NDEGE

Kutoka Nkololo utashuka kwanza Bariadi. Usikubali kupakiwa mshikaki kwenye bodaboda ili kuokoa nauli ya kijana mmoja. Ni hatari, na ni kosa. Kutoka Bariadi una njia mbili: lami ya Lamadi inayokutoa kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, au njia ya Maswa inayokupeleka upande wa Shinyanga na kuendelea hadi Dodoma.

Nauli za mabasi husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Viwango vilivyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2023 viliweka kikomo cha shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe kwa simu. Bariadi hadi Lamadi ni kilomita 71.8. Zidisha kwa 48.47, unapata takribani shilingi 3,480 kwa daraja la kawaida. Ukitajiwa nauli iliyo juu sana ya hapo, uliza daraja la basi, kisha omba nauli ya halali. Kwa kijana wako utalipa kiti chake, lakini hata nauli ya mkubwa ina kikomo, na hupaswi kukivuka kwa sababu ni msimu wa likizo.

Mazungumzo ya nauli yafanye kabla ya kupanda, ukiwa bado na uhuru wa kuchagua basi jingine. Sema kwa upole:

"Kaka, niko na wakubwa wawili na watoto wanne. Huyu mdogo nitampakata. Hawa wawili wa darasa la tano na la saba watakaa kiti kimoja mpaka Lamadi. Unanifanyia bei gani?"

Kwa safari fupi makondakta wengi hukubali. Kwa safari ya usiku au ya saa nyingi usifanye hivyo. Mnunulie kila kijana kiti chake, chenye mkanda wake na tiketi yenye jina lake. Vijana wawili waliobanana kiti kimoja hadi Dodoma watafika wamechoka, na ajali ikitokea, abiria asiye na tiketi ni mgumu kuthibitishwa.

Kuhusu daladala za Mwanza na Dar es Salaam: nauli ya mwanafunzi, ambayo imekuwa shilingi 200, imewekwa kwa ajili ya wanafunzi, na kondakta hutazama sare. Kijana wako akiwa matembezini na nguo za nyumbani, tarajia nauli kamili na uiweke kwenye bajeti.

Kwa ndege ya Mwanza–Dar es Salaam, jaza tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti. Ukimwandika mwenye miaka 12 kuwa na 11, kosa litaonekana uwanjani, na huko utatakiwa kulipa tofauti au kununua tiketi upya kwa bei ya siku hiyo, ambayo kwa kawaida ni kubwa kuliko ile uliyoikimbia.

KULALA NA KULA

Gharama ya kijana ambayo haiandikwi popote ni chumba. Mtoto wa miaka 6 analala na wazazi wake bila neno. Wa miaka 13 halali chumba kimoja na baba na mama, na kaka hawalali na dada zao waliokwisha kupevuka. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na ni sawa. Lakini maana yake ni kwamba familia iliyokuwa ikitosha chumba kimoja sasa inahitaji viwili au vitatu, hata kama hakuna aliyewaita vijana wako wakubwa.

Kuna njia tatu za kupunguza:

1. Gawanya kwa jinsia badala ya rika. Mama na wasichana chumba kimoja, baba na wavulana kingine. Vyumba viwili vinatosha watu sita kama vina vitanda viwili kila kimoja. Uliza vitanda kabla ya kulipa.
2. Lala kwa ndugu. Mwanza kuna watu wengi wa Bariadi. Piga simu mapema, na usiende mikono mitupu: mchele, karanga na kuku wa kienyeji ni heshima kwa mwenyeji na bado ni nafuu kuliko gesti.
3. Fanya safari ya siku moja. Serengeti kwa upande wa Ndabaka, geti lililo kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, unaweza kuingia asubuhi na kutoka jioni, ukilala Lamadi au ukirudi nyumbani.

Hoteli ikikupa bei kwa kichwa pamoja na chakula, rudi kwenye maswali matano. Mahali ambapo bei ya mtoto inaishia 11, huenda ukapata nafuu kwa kuchukua chumba bila chakula na kwenda kwa mama lishe, ambako kijana atakula sahani ya mkubwa kwa bei ya mkubwa na kushiba.

Njiani beba chakula chenu. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, hayaharibiki, yanashibisha, na vijana wanayapenda. Ongeza karanga, mayai ya kuchemsha na maji ya kutosha. Ndani ya hifadhi kula kwenye maeneo yaliyotengwa tu, usimlishe mnyama, na usiingie na mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

UKIFIKA GETINI

Fika na vyeti mkononi, visiwe chini ya mabegi. Salimia, kisha taja makundi yako mwenyewe kabla hujaulizwa:

"Habari za kazi, afande. Tuko sita, raia wa Tanzania. Wakubwa wawili, watoto watatu wa miaka kumi na tano, kumi na tatu na kumi na mbili, na huyu wa nne hajafika miaka mitano. Vyeti vyao hivi hapa."

Ukitaja makundi kwanza, karani anaandika unachosema na kukilinganisha na vyeti. Ukinyamaza, anaandika anachokiona, na kimo cha vijana wetu waliokua kwa ugali na maziwa hakisemi umri wao.

Akisema "huyu ni mkubwa", mwonyeshe tarehe na uhesabu naye miaka. Akiendelea kukataa, omba kwa adabu kuongea na msimamizi wa zamu. Usilipe kwanza ukitegemea kudai baadaye.

Kuhusu gari: gari nalo lina ada yake, na kukodi Noah au gari la juu ndiyo gharama kubwa ya siku nzima kuliko viingilio vyote. Ungana na familia nyingine. Familia mbili kwenye gari moja zitagawana kodi ya gari, mafuta na ada yake. Mwulize dereva kama amewahi kuingia hifadhini na kama gari linafaa barabara za huko, hasa baada ya mvua.

LINI NA WAPI

Juni na mwanzoni mwa Julai. Shule zimefungwa, pamba inauzwa, na kwa kawaida makundi ya nyumbu katika mzunguko wao wa mwaka hupita ukanda wa magharibi wa Serengeti, upande wa mto Grumeti, karibu na sisi. Juni pia ndiyo mwezi ambao Bujora, pale Kisesa kabla hujaingia Mwanza, huwa na sherehe za Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Kijana wa Nkololo anayezijua ngoma hizo kwa kusimuliwa na babu atafaidika sana akiziona.

Septemba hadi Desemba kwa wa darasa la saba. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Kijana wa miaka 13 au 14 ana miezi mitatu mizima bila darasa. Hana haraka, na kwa TANAPA bado ni mtoto. Kama fedha inatosha safari ya mtoto mmoja tu, mpe huyu.

Kama Serengeti ni mbali kwa mwaka huu. Kisiwa cha Saanane, pale Mwanza mjini, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013 na kiko chini ya TANAPA, kwa hiyo mgawanyo wa umri ni ule ule. Uliza bei ya boti peke yake na kiingilio peke yake. Na karibu zaidi, viwanja vya Nyakabindi vya Nanenane, mwanzoni mwa Agosti, vinatosha kuwa siku ya familia.

MAKOSA YANAYOGHARIMU

• Kupanga kwa darasa. Karani hatazami darasa, anatazama tarehe.
• Kuchanganya "hadi 12" na "chini ya 12". Kwa mtoto wa miaka 12, hiyo ndiyo tofauti ya nusu nauli na nauli kamili.
• Kuamini bei ya mwaka jana. Kijana ameongeza mwaka, na huenda bei nayo imepanda.
• Kulipa kwa mtu wa kati asiye na risiti. Huwezi kujua kijana wako aliandikwa kundi gani.
• Kuacha cheti nyumbani kwa kuogopa kukipoteza. Beba nakala iliyothibitishwa, na picha kwenye simu, cheti halisi kikihitajika kiwe karibu.
• Kumwacha kijana nyumbani kwa sababu "sasa analipa kama mkubwa". Fanya hesabu kwanza. Serengeti, kwa miaka yote kabla ya 16, analipa chini ya robo ya bei yako.

TAHADHARI: USIPUNGUZE UMRI

Kuna mzazi atakayemwambia kijana wa miaka 16 aseme ana 14. Usifanye hivyo. Kughushi au kubadilisha cheti ni kosa la jinai, na fedha utakayookoa getini haifiki hata shilingi 10,000. Kubwa zaidi ni kile unachomfundisha. Kijana wa umri huo anaona kila kitu. Ukimfanya adanganye mbele ya askari ukiwa umesimama pembeni, hutakuwa na neno la kumwambia siku atakapokudanganya wewe. Umri ukishapita, lipa, na umwambie wazi kwamba familia imemlipia kama mtu mzima kwa sababu anastahili kuwemo.

Vilevile usimwaibishe kwa umri wake. Usimwambie ajikunje aonekane mdogo, wala usimlaumu kwa kurefuka. Gharama ya safari ni ya wazazi kuipanga.

ORODHA YA KUKAGUA

Mwezi mmoja kabla
☐ Tarehe za kuzaliwa za wote zimeandikwa
☐ Vyeti vipo, vinavyokosekana vimeombwa
☐ Nani anatimiza 12, 13 au 16 mwaka huu, anajulikana
☐ Familia ya kugawana gari imepatikana

Wiki moja kabla
☐ Maswali matano yameulizwa kwa kila huduma
☐ Bajeti imegawanywa: wakubwa, watoto, wa bure
☐ Barua za watoto wa ndugu zimeandikwa
☐ Idadi ya vitanda imethibitishwa

Siku ya safari
☐ Vyeti na kitambulisho cha shule viko kwenye mkoba wa mkononi
☐ Simu ina chaji na salio la kulipia namba ya malipo
☐ Ankara imesomwa kabla ya kulipwa
☐ Kila mwenye kiti ana tiketi yake
☐ Risiti zimepigwa picha

Watoto wetu wanakua wakisikia habari za Serengeti kutoka kwa wageni waliotoka mbali kuja kuiona, ilhali wao waliozaliwa jirani nayo wengi hawajawahi kuvuka geti. Kwa kijana wa chini ya miaka 16, kiingilio cha siku nzima kimekuwa shilingi 2,360. Wiki hii toa daftari, andika tarehe za kuzaliwa, na utazame ni nani kati yao aliyebakiwa na muda mfupi zaidi. Safari ya kwanza ipangwe kwa ajili yake.